Akiumwa na Nyoka, Muuguzi Huamua Vipi?

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Kaunti ya Taita Taveta



Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii ni mbuga za Tsavo, na nyoka hajui mpaka wa mbuga uko wapi. Anapatikana kwenye mkonge, kwenye malisho ya Kasigau na Sagalla, na hata chini ya kitanda akifuata panya. Mtu akiumwa, mara nyingi anayempokea kwanza si daktari. Ni muuguzi wa zahanati, na pengine usiku ule yuko peke yake.

Hapo ndipo lalamiko moja huanzia: "Tulimfikisha mapema, lakini muuguzi hakumdunga dawa. Alikaa tu kumwangalia." Lalamiko hili linaeleweka, kwa sababu jamaa wamekuja mbio na bodaboda, mtoto analia, na dawa inasemekana ipo. Lakini kule kumwangalia ndiyo kazi yenyewe.

Si kila anayeumwa huingiwa na sumu. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru binadamu, na hata wale wenye sumu wakati mwingine huuma bila kuitoa. Dawa ya kuzuia sumu ya nyoka nayo si kama panadoli. Hutengenezwa kutokana na damu ya wanyama, hasa farasi, waliozoeshwa sumu kidogo kidogo, na mwili wa mtu unaweza kuikataa ghafla: pumzi zikabana, presha ikashuka. Ndiyo maana muuguzi huweka sindano ya adrenalini tayari kabla ya kuanza. Kumpa dawa asiyeihitaji ni kumtia hatarini bure, na kummalizia dozi mwingine atakayeletwa kesho.

Basi huangalia nini? Kwanza uvimbe. Moma, ambaye wengine humwita kifutu, huvimbisha na kuozesha nyama. Muuguzi huchora mstari kwa kalamu pale uvimbe ulipofika na kuandika saa pembeni. Akirudi akakuta uvimbe umevuka mstari na unapanda haraka, ana jibu. Mistari ile kwenye mguu wa mgonjwa isifutwe.

Pili, macho na koo. Sumu ya koboko, yule mrefu mwenye kinywa cheusi ndani, hulegeza misuli. Kope huanguka, mgonjwa hushindwa kumeza mate, kisha kifua huchoka. Huyu hasubiriwi. Pumzi zikikatika, muuguzi humpulizia hewa kwa mfuko wa mkono mpaka msaada ufike, hata ikiwa ni safari nzima ndani ya ambulensi.

Tatu, damu. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala stima. Damu kidogo hutiwa ndani ya chupa ya kioo iliyo safi na kavu, ikaachwa dakika 20 bila kuguswa. Halafu chupa huinamishwa mara moja. Damu ikiwa imeganda, ni dalili njema kwa wakati huo, ingawa kipimo hurudiwa baadaye. Ikimwagika kama maji, sumu imeharibu ugandaji wa damu. Jamaa wanaomwona muuguzi ameketi karibu na chupa wasidhani anapoteza wakati.

Jambo moja huwashangaza wengi: mtoto mdogo hupewa dozi ileile ya mtu mzima. Nyoka hapunguzi sumu kwa sababu aliyeumwa ni mdogo, na dawa hupimwa kwa sumu, si kwa kilo.

Dawa yenyewe ina historia ya uhaba. Kampuni ya Sanofi iliacha kutengeneza Fav-Afrique mwaka wa 2014, na akiba ya mwisho ikapitwa na muda mwaka wa 2016. Shirika la Afya Duniani liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa yaliyosahaulika mwaka wa 2017. Tena, dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India haimfai aliyeumwa na moma wa Maktau, hata kama chupa zafanana.

Uamuzi wa muuguzi huharibiwa mara nyingi kabla mgonjwa hajafika. Kamba iliyokazwa mguuni huzuia damu na kuficha uvimbe halisi. Kuchanja kwa wembe huleta damu isiyokoma. Jiwe la nyoka halinyonyi sumu, ila hunyonya saa mbili tatu ambazo zingetumika njiani. Mgonjwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, naye apelekwe. Aliyetemewa sumu machoni aoshwe kwa maji safi mengi papo hapo. Nyoka asifuatwe wala kubebwa, kwani hata aliyeuawa karibuni anaweza kuuma.

Zahanati ikiamua kumtuma mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi, Voi, jamaa mmoja aliyekuwepo aandamane naye akiwa na karatasi ya rufaa. Wauguzi wa Voi watamuuliza saa ya kuumwa, dalili ya kwanza ilikuwa ipi, na ni dawa gani za kienyeji zilizotumika. La mwisho hilo watu hulificha kwa aibu. Litajwe, hakuna atakayegombezwa.