Wakala Asiyelala
Bei ya shaba ya Kolwezi, jimboni Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hupangwa London, kwenye soko la metali. Mchimbaji anayeshusha gunia lake la mawe ya shaba kwenye soko la Musompo, karibu na Kolwezi, huisikia kutoka kwa mnunuzi, na mzani pia ni wa mnunuzi. Programu-wakala ingemsaidia: anaituma kazi, simu inazimika au mtandao unakatika, nayo inaendelea kufuatilia bei kwenye seva, kisha inamletea jibu simu ikirudi hewani. Wazo lenyewe ni la zamani, wasikilizaji. Kampuni ya General Magic ya Marekani ililijaribu tangu 1994 kwa lugha yake ya Telescript. Ila wakala huyo haoni jiwe lina shaba kiasi gani. Kifaa cha kupimia kimeshikwa na mnunuzi, na serikali ya Lualaba, ikitaka kumsaidia mchimbaji, ingeanzia hapo.