Mchezo wa Miaka Kumi na Miwili
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Mwenyekiti aliponitaka niseme machache, alipendekeza nizungumzie utumishi wa umma. Nilimwomba ruhusa nizungumze juu ya mchezo, naye kwa hisani yake akakubali. Basi mkichoka, lawama ni zangu.

Mwezi Januari 2019 nilianza kutunga mchezo uitwao Njia Panda, na nimejiwekea ahadi ya kuumaliza Desemba 2030. Kila jioni, isipokuwa Jumapili, naufanyia kazi nusu saa. Sehemu yake moja huchezwa juu ya ubao kwa kete na kadi. Sehemu nyingine naiandika katika kompyuta, ili hesabu za bei zifanyike zenyewe.

Njia panda yenyewe mnaijua. Ni Makambako, pale barabara yetu ya Njombe na Songea inapoikuta barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hadi Zambia, na pale inapopita reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Hakuna kijana wa shule hii aliyetoka kwenda mbali asiyewahi kushuka pale na sanduku lake. Katika mchezo wangu wachezaji ni wanne, na kila mmoja ana shamba upande wa Njombe. Anaweza kupanda viazi, akavuna baada ya miezi michache. Anaweza kupanda chai, akangoja miaka kadhaa ndipo aanze kuchuma. Au apande mipaini. Nanyi mwajua kwamba mpaini unaotakiwa kutoa mbao nzuri huhitaji miaka kumi na minane au zaidi, ingawa sote tunawafahamu waliouuza ungali mwembamba, mashine ya ding-dong ikaletwa shambani, kwa sababu Januari imefika na ada inadaiwa.

Hapo ndipo ulipo mchezo wote. Mwenye mipaini ndiye atakayekuwa tajiri, lakini ni lazima kwanza aishi mpaka siku hiyo. Kila mzunguko kuna ada, kuna ugonjwa, kuna mgeni. Mwenye viazi ana fedha mkononi, lakini mnunuzi humjia na gunia la lumbesa, naye hana pa kwenda kushtaki. Nimeucheza mchezo huu na watu wengi, na bado sijaona wawili wakiucheza kwa namna moja. Jioni moja pale Makambako niliutandika mezani mbele ya madereva watatu wa malori. Mmoja wao alicheza kimya saa nzima, kisha akaniuliza, "Mzee, mbona lori lako halisimami kwenye mizani?" Kanuni ya mizani ilizaliwa usiku ule, nayo imenichukua miezi minne.

Pengine mtauliza kwa nini miaka yote hiyo. Mchezo mdogo wa simu kijana hodari huweza kuumaliza kwa majuma machache, nami siudharau. Lakini mchezo unaotaka mchezaji ausikie uzito wa kungoja, kila kanuni yake hapana budi ijaribiwe na watu wengi, wa misimu mbalimbali, maana mkulima aliyetoka kuuza viazi kwa hasara hucheza tofauti na yule aliyepata. Kwa hiyo kila mwaka naongeza jambo moja tu. Mwaka wa kwanza vilikuwapo viazi peke yake, juu ya boksi la kadibodi, kwa kete za maharage. Mwaka wa pili likaja lori. Na ninayo sharti moja nisiyoivunja: kila tarehe 31 Desemba mchezo uwe unachezeka mwanzo hadi mwisho, na watu wanne wasionijua, kwa yale yaliyokwisha kuwamo.

Sharti hiyo sikuibuni mimi. Wako ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, walioanza mwaka 2002 kutengeneza mchezo uitwao Dwarf Fortress, wa mbilikimo wanaochimba mlima na kujenga himaya yao. Mwaka 2006 waliutoa bure kwa watu, haujakamilika, picha zake zikiwa ni herufi na alama tupu. Kwa miaka mingi waliishi kwa michango ya wachezaji. Ulipotolewa kwa picha nzuri na kuanza kuuzwa, Desemba 2022, ilikuwa imepita miaka ishirini, na hata leo hawasemi umekwisha. Lakini tangu 2006 haukupita mwaka ambao mtu hakuweza kuucheza.

Wengine walipita njia iliyo ngumu zaidi. Huko Kameruni, Olivier Madiba alianza Aurion mwaka 2003 akiwa mwanafunzi. Kampuni yao ya Kiro'o Games ikafunguliwa Yaoundé mwaka 2013, na mchezo ukatoka Aprili 2016. Miaka kumi na mitatu! Nawavulia kofia, ila mimi nisingeweza kukaa muda wote huo bila mtu kuketi na kucheza. Jirani zetu wa Kenya nao hawakulala: Wesley Kirinya alitoa mchezo wake wa Nyangi mwaka 2007, wakati wengi wetu huku tulikuwa bado tunatafuta kompyuta ya kuchapia barua.

Na kabla ya hao wote tuna bao letu: mashimo 32, kete 64, namua na mtaji, na nyumba ambayo mtu huilinda kama roho yake. Mtungaji wake hajulikani. (Mimi hufungwa bao na kila mtu, hata na mwanangu wa darasa la sita, kwa hiyo msinialike.)

Wako wenzangu, na baadhi yao wamo humu ukumbini, wanaosema ni aibu mtu mzima, mtumishi wa serikali, kukesha na mambo ya watoto. Nawaheshimu. Lakini wenzangu hao hao walipanda mipaini mwaka 2019, mwaka ule ule nilioanza, na hakuna aliyewauliza kwa nini wanapanda kitu ambacho hawatakipasua mbao mpaka mwaka 2037.

Linalonisumbua mimi ni jambo lingine. Mtumishi wa umma huhamishwa. Nimekwisha kuhamishwa mara mbili tangu nianze, na kila mara mchezo husafiri ndani ya masanduku pamoja na sufuria. Tena binadamu huugua, na binadamu hufa. Huko Kanada, Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta alianza mwaka 1989 kuitafutia kompyuta hatima ya mchezo wa drafti, huu wetu wa vizibo vya soda, kwa kanuni za kwao. Mwaka 1997 kazi ikasimama. Mwaka 2001 ikaanza tena, na mwaka 2007 akatangaza jibu: wachezaji wawili wasiokosea kamwe watatoka sare. Miaka ile minne ya kusimama haikuiua kazi, kwa kuwa mahesabu yalikuwa yamehifadhiwa na mtu aliweza kuyarudia.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nina ombi, na naomba liamuliwe leo katika kikao cha alasiri. Siombi fedha. Naomba rafu moja katika maktaba ya shule, yenye kufuli. Hapo nitaweka ubao mmoja kamili, daftari la kanuni lenye tarehe ya kila badiliko na sababu yake, na nakala ya programu, ambayo nitaileta upya kila Januari. Naomba pia kila mwaka wachaguliwe wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wawe watunzaji wake. Kazi yao ni kuuchezesha, kuandika walichokiona, na kunipinga. Cheti hakipo. Ikiwa nitashindwa kuufikisha 2030, daftari litakuwa mali ya shule, na yeyote atakayetaka kuendelea hatahitaji idhini ya mtu wa nyumbani kwangu. Hilo nimekwisha kuliandika na kulitia saini.

Mwaka huu naongeza wakopeshaji, na riba bado inanishinda: ikiwa kubwa, hakuna anayepanda mpaini, ikiwa ndogo, hakuna anayepanda kitu kingine. Nimeleta mbao mbili. Wadogo zangu wenye nafasi, baada ya chakula njooni katika darasa lililo karibu na bwalo, wanne wanne, na kila kundi liwe na mmoja anayejua kuandika haraka.