MAFUNZO YA WATUNZA MIKOKO
Maneno waliyoambiwa vijana wa pwani katika juma la tatu la mafunzo yao

Vijana wangu, nimesikia baadhi yenu mkinung'unika kwamba majuma mawili yamepita, nanyi hamjapanda hata mche mmoja. Kila siku ni kutembea topeni na kutazama maji yakijaa na kupwa. Tena wako watakao kurudi kwao. Nawaomba mnisikilize kwanza.

Mikoko haioti popote tu, wala si ya namna moja. Mlilana hukaa mbele, penye mawimbi. Mkoko wenyewe hufuata nyuma yake. Mkandaa hukaa nyuma zaidi, panapoinuka kidogo. Mche uliopandwa mahali pasipo pake hufa, na kazi ya kijiji kizima hupotea. Asiyejua bamvua na maji mafu hawezi kupajua mahali hapo. Ndiyo sababu mnafundishwa macho kabla ya mikono.

Itazameni Gazi, katika Kwale. Miaka ya 1970 mikoko yake ilikatwa sana iwe kuni za viwandani, pakabaki uwanja mtupu. Upandaji ulianza mwaka 1991, ukaendelea kwa subira. Na baadaye wenyeji walianza kupata fedha kwa kuutunza msitu huo, kwa kuwa huhifadhi hewa ya ukaa, wakazitumia kwa maji na shule.

Basi, atakaye kuondoka na angoje bamvua ijayo, aone kwanza maji yafikapo. Mvumilivu hula mbivu.