Dereva Mbele ya Hakimu



Wako madereva wa Likoni, Kisauni na Changamwe ambao, wakishitakiwa kwa mwendo wa kasi, hujibu "ni kweli" hata pasipo kosa, ili warudi kazini upesi. Wakisha kulisema neno hilo, hapana shahidi atakayeitwa.

Sheria ya Trafiki, iliyoweka kilomita 50 kwa saa mijini, hairuhusu mtu kutiwa hatiani kwa kuwa tu shahidi mmoja amemkisia kwa macho; kipimo cha chombo ni jambo jingine. Basi asiyekosa na ajibu "si kweli," ingawa siku ya kazi itampotea, na hasara hiyo si ndogo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50, yampa haki ya kuupinga ushahidi, na mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha ya mahakama.