Uhai wa Bwawa Uko Mlimani

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Asubuhi hii mkutano umejadili kutumia mchango wetu kuijengea shule lambo la maji na samaki. Naliunga mkono wazo hilo. Ila naomba, kabla hatujanunua hata koleo moja, tulitazame bwawa la Matumbulu, kusini ya mji wa Dodoma.

Bwawa hilo ni tuta la udongo lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili kukinga maji ya mvua. Ugogo mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua tupu. Palipo na bwawa, ng'ombe hunywa, bustani humwagiliwa, korongo na bata maji hupata pa kutua, na perege na kambare huwa kitoweo mbali kabisa na ziwa.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, walilipima na kutoa taarifa yao mwaka 1972. Eneo linaloleta maji Matumbulu ni kilometa za mraba 18 tu, lakini kila kilometa moja ya mraba ilikuwa ikipoteza wastani wa meta za ujazo 729 za udongo kwa mwaka. Fanyeni hesabu, vijana: ni zaidi ya meta za ujazo 13,000. Kwa lori la kubeba meta 5 za ujazo, ni safari zaidi ya 2,600 za udongo uliomwagwa bwawani kila mwaka, bila dereva wala dizeli. Walikisia kuwa umri wote wa bwawa ungekuwa miaka 30 hivi.

Tuta halikuwa na kosa. Udongo ulitoka mlimani, mahali ambapo miti imekatwa, majani yameliwa na mifugo, na ardhi imebaki wazi kwa matone ya mvua. Tope likijaa, kina hupungua, maji hupata moto na kukauka mapema. Perege hutangulia kufa; kambare, kwa kuwa aweza kuvuta hewa, hujikokota matopeni siku chache zaidi. Ndege nao huhama.

Dawa ipo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973. Huko Kondoa mifugo iliondolewa mwaka 1979 kwenye ardhi iliyomomonyoka. Wafugaji walipata taabu kubwa, lakini majani na miti vilirudi. Sisi tukianza mapema, hatutahitaji kumhamisha mtu.

Basi napendekeza hivi. Mwaka wa kwanza fedha zetu zinunue miche na kulipia matuta ya kukinga maji kwenye mteremko, baada ya kukubaliana na wanakijiji wenye mashamba na mifugo huko. Lambo lifuate mwaka wa pili. Ninyi wanafunzi mlipime kina kila mwaka kwa kamba na jiwe, mkiandika kwenye daftari moja litakalorithiwa na kila kidato. Nasi tukija mkutanoni, kabla ya chakula, tusomewe daftari hilo.