Amri Kati ya Maji na Mchanga: Historia ya Ukamanda wa Majeshi ya Kutua Pwani, kutoka Mwele hadi Kismayu

Mada hii inachunguza namna ukamanda wa juu wa majeshi ya kutua pwani ulivyochipuka na kubadilika katika upande huu wa Bahari ya Hindi kati ya mwaka 1890 na 2012. Majeshi ya kutua pwani, kwa maana inayotumika hapa, ni vikosi vinavyosafirishwa kwa meli, vikashushwa kwa mashua katika ufuo ambao adui anaweza kuwa anaushikilia, kisha vikapigana kuelekea bara. Ugumu wake wa kiutawala ni kwamba askari yuleyule huwa chini ya ofisa wa bahari alfajiri na chini ya ofisa wa nchi kavu ifikapo adhuhuri, na katikati ya saa hizo mbili lazima ijulikane amri ni ya nani. Hoja inayotetewa ni kwamba cheo cha kamanda mmoja wa kazi hiyo kilitokana zaidi na hasara za kukikosa kuliko na busara ya waliokibuni, na kwamba mojawapo ya hasara kubwa zaidi ilipatikana Tanga, si mbali na mpaka wa Kwale.

Kombani, hapa Kwale, ni mahali mwafaka pa kulijadili jambo hili, kwa kuwa kaskazini yake iko Mtongwe, kituo kikuu cha Jeshi la Wanamaji la Kenya, na kwa upande wa kusini iko Gazi, iliyokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, kiongozi ambaye kwa miaka mingi aliwakatalia masultani wa Unguja na baadaye Waingereza. Zama zake hazikuwa na kamanda maalumu wa kutua pwani. Palipozuka vita, admirali aliyesimamia eneo la bahari aliwashusha mabaharia na askari wa manowarini, akaunda kile kilichoitwa brigedi ya wanamaji, yaani kikosi cha watu wa melini wanaopigana kwa miguu, akakiongoza mwenyewe hadi bara. Hivyo ndivyo Admirali Edmund Fremantle alivyoishambulia Witu mnamo Oktoba 1890, na hivyo ndivyo Admirali Harry Rawson alivyofanya Agosti 1895, pale mgogoro wa urithi wa Takaungu ulipowaingiza Mazrui wa Gazi vitani. Rawson aliliteka boma la Mbaruk la Mwele tarehe 17 Agosti, na Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa Sultani wa Zanzibar, alijeruhiwa katika msafara huo. Mbaruk aliponyoka, akaendeleza vita vya msituni hadi Aprili 1896 alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani.

Kijeshi, mfumo huo ulikuwa na faida moja kubwa, kwamba mwenye meli, mwenye mizinga na mwenye askari alikuwa mtu mmoja, na hakuna aliyeweza kumbishia. Hata hivyo, wepesi wa Mwele ulidanganya. Ufuo haukuwa na mizinga ya kuwazuia washambulizi, na kutekwa kwa boma hakukuwa mwisho wa vita, maana kuwafuata wapiganaji wanaoijua nchi ni kazi isiyomalizwa na mabaharia wanaotakiwa kurudi melini.

Pengo la kukosa kamanda mmoja lilionekana miaka 19 baadaye. Mwaka 1914 kikosi cha takriban watu 8,000 kilitoka India kwenda kuiteka Tanga, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, kikiongozwa na Meja Jenerali Arthur Aitken, ilhali meli zilizokilinda zilikuwa chini ya Kapteni F. W. Caulfeild wa manowari ya Fox. Kila mmoja alikuwa na wakubwa wake, Caulfeild akiitii wizara ya majeshi ya maji na Aitken akizitii mamlaka za India, na katika bahari nzima hapakuwa na mtu aliyekuwa juu ya wote wawili. Wanamaji walikuwa wamefanya na maofisa wa Kijerumani mapatano ya kutoshambulia bandari, na ingawa London haikuyaridhia, Caulfeild aliona ni haki kutoa taarifa kabla ya kuyavunja. Tarehe 2 Novemba aliingia Tanga na manowari yake, akampa mkuu wa wilaya saa moja ya kusalimu amri, kisha akaondoka na kutumia muda kutafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwepo. Kilichokusudiwa kuwa shambulio la kushtukiza kikageuka wito wa mapema, na kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akapata nafasi ya kuleta askari wake kwa reli.

Kushuka kulianza usiku karibu na Ras Kasone. Katika mapigano ya tarehe 3 na 4 Novemba Waingereza walishindwa na watetezi wapatao 1,000, na mizinga ya Fox haikuwafaa kitu, kwa kuwa wapigaji hawakuona walichokipiga. Tarehe 5 walipanda meli na kuacha ufuoni bunduki na mamia ya maelfu ya risasi, ambazo Wajerumani walizitumia baadaye. Lawama nyingi zimemwangukia Aitken, na kwa haki, kwani alikuwa amekataa msaada wa askari wa King's African Rifles walioijua nchi. Lakini haifai kuisahau sehemu ya mfumo, maana hata jenerali hodari angetua saa ambayo si yeye aliyeichagua.

Jibu lilipatikana polepole. Mwaka 1940 Uingereza iliunda idara ya operesheni za pamoja, yaani zile zinazounganisha majeshi ya maji, nchi kavu na anga, na matunda yake yalionekana Mei 1942 katika shambulio la Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska. Safari hii Admirali Edward Syfret aliteuliwa kamanda mkuu wa majeshi yote, na Meja Jenerali Robert Sturges akashika askari wa nchi kavu chini yake. Mashambulizi hayakupitia mlango wa mashariki uliolindwa na mizinga mikubwa, bali yalitua tarehe 5 Mei katika ghuba za magharibi, Courrier na Ambararata. Askari walipokwama mbele ya ngome za mji wa Antsirane, Syfret aliweza, bila kumwomba mtu ruhusa, kutuma meli ya Anthony iingie bandarini usiku na kuteremsha wanajeshi 50 nyuma ya watetezi. Mji ukaanguka tarehe 7. Baadaye brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilipitia Majunga na kuingia Tananarive mwezi Septemba, huku Kilindini ikiwa makao ya meli za Admirali James Somerville.

Hata ukamanda mmoja ulihitaji mpaka. Huko Guadalcanal, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, Agosti 1942, Admirali Richmond Kelly Turner wa Marekani alitaka kuendelea kuwaamuru askari wa Jenerali Vandegrift hata baada ya kukaa imara nchi kavu, na ubishi wao ukazaa kanuni iliyokuwa msingi wa kazi hii kwa miaka mingi: mwanamaji aliamuru safari na kushuka, kisha mwenye askari alichukua amri yake akishajiimarisha bara. Mwaka 1982 Waingereza walifika visiwa vya Falkland wakiwa na komodoro maalumu wa shughuli hizi, Michael Clapp, na bado suala la nani yuko juu ya nani liliwasumbua.

Kenya ilirithi bahari kabla ya kurithi ukamanda. Kikosi cha majini cha Afrika Mashariki kilivunjwa mwaka 1962, Jeshi la Wanamaji la Kenya likaanzishwa Desemba 1964, na Mkenya wa kwanza kuliongoza akashika usukani mwaka 1972. Meli za Galana na Tana, zilizojengwa Hispania na kupokelewa katika miaka ya 1990, zilileta uwezo wa kushusha askari na magari ufuoni. Uwezo huo ulipimwa usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2012, askari wa Kenya walipotua kwa bahari karibu na Kismayu, Somalia, huku wenzao wakisogea kwa nchi kavu. Inafaa kutaja, ingawa ni jambo la kando, kwamba mkuu wa Jeshi la Wanamaji la Kenya huitwa Meja Jenerali na si Admirali, kwa kuwa jeshi hilo hutumia vyeo vya nchi kavu, na kwa hiyo alama za cheo za mabegani pekee haziwezi kumweleza mtafiti ni lini amri ya Kismayu ilitoka mikononi mwa watu wa meli na kuingia kwa watu wa bara.