Picha bila jina la mchoraji

Msikilizaji, ukisimama Feri, Mombasa, jioni hii kungoja kivuko cha Likoni, chungulia simu ya jirani yako. Katikati ya vichekesho na matokeo ya mpira hupita mchoro mzuri: mlango wa nakshi wa Mji wa Kale, mama na buibui lake kizingitini. Nani kauchora? Jina lilikuwa pembeni, likakatwa ili picha ikae vyema kwenye skrini.

Kusambaza kwenyewe kuna faida. Kumbuka 2015. Banda la Kenya katika maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, lilipangiwa wasanii ambao wengi wao walikuwa Wachina. Wachoraji wetu, Michael Soi akiwemo, wakapiga kelele mtandaoni, Soi akachora na picha za kejeli kuhusu banda hilo, hata serikali ikajitenga nalo. Bila kusambaziana, nani angejua?

Sasa tuje upande wa pili. Anayesambaza husema anamtangaza msanii bure, na kweli, kumbi za sanaa hapa kisiwani ni za kuhesabu. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa msanii haki ya kutajwa. Na kutangazwa, wajua, hakulipi kodi ya chumba. Kuandika jina ni kazi ndogo mno. Jina likiwepo, mnunuzi humfikia mchoraji mwenyewe, si mtu aliyechapisha mchoro wake kwenye fulana bila ruhusa.

Ila fulana zikishauzwa pale stendi ya matatu, mchoraji wa Majengo asiye na wakili amshtaki nani?